Bibi Edwina Booth na Sinema ya "Trader Horn"

Sinema ni mgeni aliyeingia katika nchi yetu bila kubisha hodi. Zamani mtu wa Masasi au Newala alipotaka kuona picha zinazokwenda, alingoja gari la serikali lije na shuka jeupe litundikwe kati ya miti miwili. Siku hizi hata kijana anayechunga mbuzi kando ya mto Lukuledi aweza kuitazama sinema ya Marekani katika simu aliyoishika mkononi. Kwa hiyo yafaa tujifunze kuzipima picha hizo kama tunavyojifunza kupima maneno ya mtu tunayemsikia kwa mara ya kwanza: ni nani huyu, atoka wapi, asema nini, na je, asemayo ni kweli?

Katika makala hii nataka kupima sinema moja ya zamani iitwayo "Trader Horn", iliyotolewa mwaka 1931, na pamoja nayo maisha ya mwanamke aliyecheza ndani yake, Bibi Edwina Booth. Huenda msomaji akauliza, "Mwanamke wa Marekani aliyefariki zamani, anatuhusu nini sisi?" Anatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, alikuja huku kwetu Afrika Mashariki, na hapa ndipo sifa yake ilipozaliwa na afya yake ilipoharibika. Pili, sinema ile iliupa ulimwengu sura ya Mwafrika ambayo mpaka leo haijafutika. Atakaye kujua kwa nini wageni wengine hututazama kama wanavyotutazama, ataona sehemu ya jibu hapa.

Asili ya hadithi

Hadithi haikuanza katika sinema, ilianza katika kitabu. Katika miaka ya 1920 mzee mmoja Mwingereza, Alfred Aloysius Smith, alikuwa akizunguka Johannesburg akichuuza vyombo vya jikoni vya waya. Alifika mlangoni kwa Bibi Ethelreda Lewis, mwandishi wa vitabu. Bibi yule alimsikiliza mzee akisimulia ujana wake, jinsi alivyofanya biashara ya pembe na mpira huko Gabon, katika mto Ogowe, naye akayaandika maneno yake. Kitabu kilitoka mwaka 1927, na mzee akajulikana kwa jina la Trader Horn, yaani Horn Mfanyabiashara. Watu wengi sana walikinunua. Ndani yake mzee alisimulia habari za msichana wa Kizungu aliyefanywa kuwa mungu na watu wa msituni.

Kama habari ile ilikuwa kweli, au ilikuwa chumvi ya mzee mwenye njaa aliyepata msikilizaji mwema, wataalamu wamebishana. Lakini kampuni ya sinema ya Metro-Goldwyn-Mayer ya Marekani haikushughulika na swali hilo. Iliona mali, ikanunua hadithi, ikamweka Bwana W. S. Van Dyke kuwa msimamizi wa mchezo, ikaamua picha zipigwe Afrika yenyewe, wala si katika bustani za California.

Hapa tazama jambo la kwanza. Hadithi ilikuwa ya Gabon, magharibi mwa bara letu. Lakini mwaka 1929 meli iliwaleta Mombasa, kwetu mashariki. Wakapita Kenya na Tanganyika, wakafika Uganda na Kongo, nao mto Nile penye maporomoko ya Murchison ukageuzwa kuwa mto wa magharibi. Kwao Afrika ilikuwa nchi moja tu: mto wo wote waweza kusimama mahali pa mto wo wote, na mtu ye yote mahali pa mtu ye yote. Ni sawasawa na mtu apigaye picha ya watu wa Ureno, kisha akasema, "Hawa ndio watu wa Urusi." Nani Ulaya angevumilia?

Mwanamke aliyechaguliwa

Bibi Edwina alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa Provo, jimbo la Utah, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Josephine Constance Woodruff. Baba yake alikuwa mganga wa hospitali. Watu wake walikuwa wa kanisa la Wamormoni, nao ni watu wa kushika dini kwa bidii. Alipoingia kazi ya sinema alijiita Edwina Booth. Mpaka mwaka 1929 hakuwa amepata ila nafasi ndogo ndogo, nyingine za kuonekana mara moja na kusahauliwa. Basi kampuni ilipomchagua kuwa Nina, yule mungu mweupe wa hadithi, aliona kwamba mlango wa bahati umefunguka.

Safari ilichukua miezi mingi ya mwaka ule. Bibi Edwina alitakiwa kucheza akiwa amevaa vazi dogo sana, miguu mitupu, kichwa wazi, katika jua kali, majani makali na wadudu. Baadaye, katika madai yake mbele ya sheria, alisema pia kwamba melini aliagizwa kuota jua bila nguo juu ya sitaha ili ngozi yake ipate rangi. Wenzake wanaume walivaa kofia pana, mashati ya mikono mirefu na viatu vya ngozi. Hata asiyesoma udaktari ataona ni nani atakayeugua kwanza.

Naye aliugua. Alipata homa ya malaria na madhara ya jua. Imeandikwa mara nyingi pia kwamba Waafrika wawili waliokuwa wakiwasaidia watu wa sinema walikufa katika safari ile, mmoja kwa mamba na mmoja kwa kifaru. Magazeti ya Marekani, yaliyojaza kurasa kwa ugonjwa wa Bibi Edwina, hayakuwapa hao nafasi iliyo sawa. Silisemi hili kupunguza mateso ya bibi yule, kwa maana maumivu ya mtu mmoja hayapungui kwa kuwa mwingine naye ameumia. Nalisema ili mizani ikae sawa.

Hadithi yenyewe

Sasa nitasimulia mchezo kwa ufupi. Horn, mfanyabiashara wa makamo, asafiri mtoni pamoja na kijana aitwaye Peru. Mbeba bunduki wake ni Mwafrika aitwaye Renchero. Njiani wakutana na Bibi Edith Trent, mjane wa misioni. Miaka ishirini nyuma mume wake aliuawa na binti yake mchanga akachukuliwa, na mama huyu hajachoka kumtafuta. Baadaye wamkuta amekufa. Horn na Peru waendelea na kazi yake. Wakamatwa na watu wakali wa kabila la kubuniwa, na hapo wamwona Nina, yule mtoto, sasa mwanamke mwenye nywele za dhahabu, akitawala kwa ukali na kuogopwa na wote. Mateka wako karibu kuuawa. Nina amtazama Peru, moyo wake wageuka, awasaidia kukimbia. Wapita msituni bila chakula wakiwindwa. Renchero afa kwa ajili ya bwana wake. Mwisho Peru na Nina waenda zao kwa wenzao, naye Horn abaki katika nchi aliyoizoea.

Picha zilipofika Marekani wenye kampuni waliona hazitoshi. Sinema za kusema zilikuwa jambo jipya wakati ule, na kupata sauti safi porini kulikuwa kazi ngumu. Wakaongeza mengi huko California. Ili kufanya hivyo waliwapeleka Marekani wachezaji wawili Waafrika, Mutia Omoolu aliyecheza Renchero, na Riano Lindami. Gharama ilipita dola milioni moja. Hata hivyo sinema ilipotolewa watu walijaa, na katika mashindano makubwa ya sinema ya Marekani iliwekwa miongoni mwa zile zilizotazamiwa kupata tuzo ya sinema bora ya mwaka, ingawa haikuipata.

Yaliyo mema

Mhakiki anayeanza na lawama ni kama hakimu anayehukumu kabla ya kusikia. Nitaanza na mema.

La kwanza ni mwitu wenyewe. Picha za maporomoko, za viboko wakijaa mtoni, za makundi ya wanyama uwandani, hazikuwa za uongo. Watu waliozitazama mwaka 1931 hawakuwa wameona mambo hayo kwa wingi namna ile pamoja na sauti. Zilikuwa nyingi hata masazo yake yalitumiwa katika sinema ya kwanza ya Tarzan yenye kusema, iliyotolewa mwaka 1932 na msimamizi yule yule.

La pili ni mchezo wa Mutia. Hana maneno mengi, wala hana jambo la kujionyesha. Lakini asimamapo karibu na Horn, jicho la mtazamaji humwendea yeye. Ana utulivu wa mtu ajuaye njia. Walioandika mchezo walimpa nafasi ya mtumishi mwaminifu, naye akaijaza utu kupita walivyomwandikia. Katika sinema nzima hakuna kifo kinachouma kama chake. Hilo ni jambo la kufikiri: mchezo uliotungwa kumtukuza mungu mweupe, mtazamaji atoka nao akimkumbuka mtu mweusi.

La tatu ni Bibi Edith, mama anayemtafuta mtoto. Ni mwanamke asiyetaka kuabudiwa wala kuhurumiwa. Anataka mtoto wake. Alimcheza Bibi Olive Carey, mke wa Harry Carey aliyecheza Horn, naye alicheza vema kwa kiasi. Kwa bahati mbaya watungaji walimwondoa mapema, maana walikuwa na haraka ya kufika kwa Nina.

Na Nina mwenyewe? Bibi Edwina alipewa kazi ngumu kuliko wote. Nina hajui lugha ya wazazi wake, na maneno yake ni machache. Basi alitakiwa kusema kwa macho, kwa mkono na kwa mwendo. Mwanzo aliweza. Atokeapo mara ya kwanza kuna ukali wa kweli usoni mwake, na mtazamaji aamini kwamba watu humwogopa. Lakini baadaye, alipotakiwa kuonyesha moyo ukigeuka, mchezo haukumpa nafasi. Dakika hii ni mkatili, dakika ile ni mpole, wala hatuoni njia aliyopitia kutoka huku kwenda huko. Kosa hili silimtwiki yeye. Fundi hajengi daraja kwa mbao asizopewa.

Makosa matatu

Kosa la kwanza la sinema hii ni kwamba hasira yake haina sababu. Watu wa kabila lile huua kwa kuwa ni kazi yao kuua, basi. Hawaulizwi neno wala hawasemi neno. Sisi wa Lukuledi tuna haki ya kulipinga jambo hili, kwa maana tumeishi penye hasira ya kweli na tunajua inavyokuwa. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vilifika huku kwetu. Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misioni ya Lukuledi ikateketezwa. Ni maovu, na misalaba ya wafu haifutiki. Lakini ye yote anayesoma habari za vita vile ataona sababu zake: kodi, kazi za kushurutishwa, mashamba ya pamba ya amri, viboko vya maakida. Kueleza sababu si kusifu kuua. Ni kumhesabu muuaji kuwa mtu, mwenye akili na mwenye hatia. "Trader Horn" haikuwahesabu hivyo. Asiye na sababu hana hata hatia. Ni kama mamba tu. Na hivyo ndivyo sinema ilivyowaweka watu wetu, katika safu moja na mamba na simba.

Kosa la pili ni mwitu usio na watu. Mtazamaji huaminishwa kwamba nchi ile ya Nile imekuwa tupu tangu kuumbwa, ikimngoja Mzungu aione. Lakini mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliwaua watu wengi wa Uganda, na serikali iliwahamisha watu kutoka nchi za mbung'o, zikiwa pamoja na zile za karibu na Murchison. Pale walipotoka watu ndipo wanyama walipojaa. Basi picha ile nzuri ya pori ni picha ya mahame. Watazamaji wa New York hawakuambiwa hivyo. Na mtu wa Masasi anayepita porini akakuta mwembe mkubwa na vigae vya vyungu chini yake, ajua mara moja kwamba hapo palikuwa kwa watu. Jicho la namna hiyo sinema ile haikuwa nalo.

Kosa la tatu ni kubwa zaidi kwangu, nalo lahusu Nina. Tunaambiwa alichukuliwa akiwa mtoto mchanga, akakaa miaka ishirini. Vema. Nani alimnyonyesha? Nani alimbeba mgongoni? Nani alimfundisha kutembea na kusema? Alipokua ni nani waliokuwa marika wake? Alipovunja ungo nani alikuwa somo wake? Sisi Wamakonde, Wamakua na Wayao tunaohesabu ukoo kwa upande wa mama hatuwezi kutazama mchezo huo bila kuuliza maswali haya. Mtoto hakui kwa kuabudiwa, hukua kwa uji, kwa maji ya kuoga na kwa kukemewa. Kama mtoto yule aliishi, basi yuko mwanamke Mwafrika aliyemlea, tena aliyempenda. Mwanamke huyo hayumo katika sinema. Hana uso, hana jina, hana hata machozi siku Nina anapokimbia.

Hebu fikiri mchezo ungekuwaje kama angekuwamo. Mama mmoja amtafuta mtoto aliyemzaa. Mama wa pili ahofu kumpoteza mtoto aliyemlea. Na msichana amesimama katikati, akitakiwa kuchagua. Hapo moyo wa Nina ungegeuka kwa uchungu na kwa haki, na Bibi Edwina angepata kitu cha kucheza. Lakini watungaji hawakuweza kumwona mama wa pili, kwa sababu walikwisha kuamua kwamba Mwafrika aweza kumwabudu mtoto mweupe au kumwua, bali kumlea hawezi. Tazama basi: dharau yao kwa Mwafrika ndiyo iliyouharibu mchezo wao wenyewe. Ukosefu wa haki ukawa ukosefu wa ufundi.

Baada ya sinema

Mwaka 1931 na 1932 Bibi Edwina alicheza tena, zikiwamo sinema mbili za mafungu mafungu pamoja na Harry Carey, "The Vanishing Legion" na "The Last of the Mohicans". Kisha akaiacha kazi ile. Ugonjwa ulimlaza kwa miaka. Inasemwa kwamba alilazimika kukaa katika chumba cha giza kwa sababu macho yake na mwili wake havikuvumilia mwanga. Baba yake alimpeleka Ulaya kutafuta madaktari. Aliishitaki kampuni akidai dola milioni moja, kwa kuwa haikumlinda. Mwisho walipatana nje ya korti.

Lakini jambo la ajabu lilifuata. Uvumi ulienea kwamba amekufa. Magazeti yalirudia tena na tena kwamba yule mrembo wa "Trader Horn" aliuawa na homa ya Afrika. Hadithi hiyo iliwapendeza watu kuliko kweli: mungu mweupe aliyeokoka katika sinema, Afrika ikamfuata mpaka nyumbani ikamwua. Na yeye wakati huo alikuwa hai, akiendelea kupona taratibu. Alirudi kwa watu wa dini yake, akatumika kwa miaka mingi katika hekalu la Wamormoni huko Los Angeles, wala hakupenda kusema habari za sinema. Alifariki mwaka 1991, mwenye umri wa miaka 86. Kwa hiyo maisha yake ya sinema yalikuwa kama miaka minne tu, na maisha yake yaliyofuata karibu sitini.

Waliosema kwamba Afrika ilimwua walikosa mara mbili. Kwanza, hakufa. Pili, kilichomwumiza hakikuwa Afrika. Malaria yatoka kwa mbu, na kinga yake ilijulikana mwaka ule 1929: chandarua, nguo ndefu jioni, kwinini. Mama wa Lukuledi anayeketi usiku kucha na mtoto mwenye homa ajua zaidi ya gazeti lo lote kwamba malaria si laana ya nchi. Ni ugonjwa, una dawa, nao huwashika zaidi wale wasiolindwa. Bibi Edwina hakulindwa. Walimvua nguo kwa ajili ya picha, wakamweka juani kwa ajili ya picha, na alipougua walisema nchi ni mbaya.

Lipiko na uso

Katika nchi yetu ya juu, Newala na vijiji vyake, kuna mchezo wa lipiko. Mchezaji huvaa kinyago kichwani na nguo mwili mzima, hata asijulikane. Kinapotokea uwanjani watoto hukimbia na wanawake hupiga vigelegele. Hakuna asemaye, "Yule ni fulani wa nyumba ile." Lakini ngoma ikiisha, lipiko huondolewa na kuhifadhiwa, na aliyelivaa hurudi shambani kwake kulima mihogo kama jirani zake. Ni desturi yenye akili. Inaulinda mchezo na inamlinda mchezaji.

Sinema haina desturi hiyo. Bibi Edwina alivaa lipiko la Nina, ila lipiko lenyewe lilikuwa uso wake. Hakuweza kulivua akaliweka. Alipokwenda dukani watu walimwona Nina. Alipougua watu walisema Nina anaugua. Na walipotaka mwisho mzuri wa hadithi, walimwua Nina katika magazeti hali mwanamke mwenyewe yu hai. Naona kwamba kunyamaza kwake miaka ile yote kulikuwa ndiyo njia aliyoiona ya kulivua lipiko. Wengine waliomwandikia barua kumwuliza habari za zamani waliona ukimya wake kuwa huzuni. Mimi nauona kuwa busara. Alikataa kuwa mungu, akachagua kuwa mtu.

Sinema za kwetu

Je, tangu hapo wamefika watu wa kuutengeneza upungufu ule? Mwaka 1935 mpaka 1937 ilifanywa majaribio huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya Baraza la Kimataifa la Wamisionari, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Bwana Notcutt na wenzake walitengeneza sinema fupi kama 35 zenye wachezaji Waafrika, za afya, kilimo na kuweka akiba, sauti zikitoka katika sahani za santuri, wakazichukua kwa gari mpaka Kenya, Uganda na Nyasa. Wachezaji hawakuwa wanyama tena, walikuwa watu wenye nyumba na mashamba. Hata hivyo katika nyingi mambo yalikuwa yale yale: mjinga wa kijijini na mwenye akili aliyetoka kufundishwa. Ni hatua, lakini ni hatua fupi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kijana Rashidi Mfaume Kawawa alicheza katika "Muhogo Mchungu", sinema ya Kiswahili. Mwaka 1962 kijana huyo akawa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Pengine hakuna mchezaji mwingine wa sinema wa wakati ule aliyevua lipiko kwa namna hiyo. Na mwaka 1985 ikatoka "Arusi ya Mariamu", iliyotengenezwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ambayo ndani yake Bibi Amandina Lihamba, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alicheza mwanamke mgonjwa anayewaogopa waganga wa jadi. Mtu aweza kubishana na mafundisho ya sinema ile. Lakini mwanamke aliyemo ana lugha, ana mume, ana kumbukumbu za utoto wake, na hofu yake ina sababu. Ukimweka Mariamu karibu na Nina, utaona ni kiasi gani Bibi Edwina alinyimwa. Alipewa nywele za dhahabu na mjeledi, hakupewa kumbukumbu hata moja.

Neno la mwisho

Msomaji mpenzi, simwambii mtu asitazame "Trader Horn". Na atazame, atazame macho wazi. Amwangalie Mutia, ajifunze jinsi mtu anavyoweza kusimama na heshima katika nafasi ndogo aliyopewa. Atazame mto, akumbuke waliohamishwa. Amtazame Bibi Edwina kwa huruma, kwa maana naye alitumiwa kama chombo, akatupwa kama chombo. Na kila sinema atakayoionyeshwa, ya kale au ya leo, ya Wazungu au ya Waafrika wenzetu, aiulize swali lile nililoliuliza juu ya Nina: nani alimbeba mtoto huyu mgongoni, na mbona hayumo katika picha? Swali hilo moja humtoa mtu katika kushangilia, likamweka katika kupima.